Daftari la Kalamu Tatu

SEHEMU YA SITA

Msomaji mmoja wa Nyamirambo ameliandikia gazeti akiuliza kama mimi Générose sina aibu. Ninayo, ndugu yangu, tena imenizidi kimo. Ningekuwa sina aibu ningeshakaa kimya zamani, nikachukua shahada yangu, na wewe leo ungekuwa unasoma habari za mpira.

Kwa aliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, nisimwache njiani. Nina miaka arobaini na mmoja, nimekulia Buyenzi kule Bujumbura, na huu ni mwaka wa tisa nalea watoto katika kituo kimoja cha Gisozi, hatua chache chini ya Agakiriro, pale mafundi wanapopasua mbao na kuchomelea vyuma kutwa nzima. Miaka mitatu iliyopita mkuu wangu, Madamu Illuminée, aliniita ofisini akaniambia kwamba ifikapo Januari hii, mlezi asiye na shahada ya malezi ya watoto wadogo hana kazi. Nikajiunga na chuo kinachofundisha kwa simu na Jumamosi mbili kwa mwezi. Masomo manyumbufu, ndivyo tangazo lilivyosema. Unasoma ulipo, utakapo, uwezavyo.

Manyumbufu! Nimekuja kugundua kwamba kilichonyumbuka ni mgongo wangu. Tarehe za chuo hazijanyumbuka hata siku moja.

Kazi ya mwisho kabla ya shahada ilikuwa daftari. Unamchagua mtoto mmoja, unamtazama nusu saa kila wiki kwa wiki kumi na mbili, unaandika kwa mkono unachokiona na kukisikia, mzazi anaweka saini. Ukikosa wiki moja tu, unaanza upya na mtoto mwingine muhula ujao, yaani mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu mimi ningekuwa sina kazi.

Nilimchagua Mugeni, msichana wa miaka minne na nusu. Katika daftari nikamwita Mtoto M., maana jina haliruhusiwi. Wiki nne za kwanza nilimtazama kweli. Wiki ya tano Madamu Illuminée akanihamishia chumba cha wachanga kwa sababu mwenzangu alikuwa amejifungua, na mpaka wiki ya nane sikumwona Mugeni kabisa. Wiki ya tisa nikarudi. Zile nne za katikati nilikuwa nimeziandika alasiri moja kabla ya kurudi, nimekaa kwenye kiti cha mtoto, kwa kalamu tatu tofauti ili zionekane ni siku tofauti. Nilimtungia mtoto hata wimbo. Wiki ya saba, nikaandika, Mtoto M. ameimba wimbo wa kunawa mikono, peke yake, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea.

Sehemu iliyopita tuliishia mlangoni pa kituo, mkufunzi wangu wa chuo, Bwana Ntare, amesimama na daftari kwapani na simu mkononi. Amekuja kumrekodi Mtoto M. akiimba.

"Karibu, mwalimu," nikamwambia. "Ila leo mtoto ana mafua."

Na kweli kamasi zilikuwa zikimtoka.

"Mafua hayazuii wimbo," akasema Ntare. Yeye amekulia Karagwe, upande wa Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka. "Générose, nimesahihisha madaftari thelathini na nane. Wenzako wananiandikia 'mtoto amecheza vizuri', wiki kumi na mbili, mtoto amecheza vizuri. La kwako lina mtoto aliye hai. Jumamosi nataka nilionyeshe kwa wanafunzi wapya, na video yake."

Madamu Illuminée alikuwa nyuma yangu, meno yote nje.

"Si nilikuambia, Bwana Ntare? Kituo yetu iko na watu ya maana."

Nikasema labda arudi wiki ijayo. Ntare akasema petroli haiokotwi. Nikasema watoto wako karibu kula. Madamu Illuminée akasema uji utangoja. Kila mlango niliougusa, mtu aliufunga kwa ukarimu.

Madamu Illuminée akamwonyesha Mugeni na kumtaja jina, yuko mkekani, anatunga vifuniko vya soda kwenye uzi. Ntare akachuchumaa nyuma yake.

"Mugeni."

Hakugeuka.

"Mugeni, mrembo, hebu tuimbie."

Mtoto akatunga kifuniko cha kijani.

"Ana haya," nikasema haraka. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika katika wiki ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili, kwa hiyo yalinitoka bila taabu.

Huko juu msumeno ulikuwa unalia. Ntare akangoja mpaka uliponyamaza. Kisha akachukua lile debe letu la vipande vya mbao tulivyopewa na mafundi, akaliinua hadi kifuani, akaliachia kwenye sakafu.

Watoto kumi na wanne waliruka. Mmoja akaanza kulia. Madamu Illuminée akamwita Yesu kwa sauti.

Mugeni akachagua kifuniko chekundu, akakitunga.

Ntare hakuinuka. Alikaa pale chini, mkono juu ya goti, anamtazama kisogo.

"Générose," akasema. "Mtoto huyu hasikii."

Nikainama kuokota vipande vya mbao. Nadhani alidhani nimeshtuka kwa huruma, maana alikuja akanishika bega.

"Usijilaumu. Kwa misumeno hii nani angegundua? Nyote hapa mnawaita watoto kwa kuwagusa. Na tushukuru, daftari lipo. Vituo vingine mtoto akipata tatizo hakuna anayejua limeanza lini. Sisi tutajua mpaka wiki yenyewe."

Wasomaji, nimewahi kutukanwa sokoni, nimewahi kutukanwa na mama mkwe. Hakuna tusi lililoniuma kama sifa ile.

Mama yake Mugeni anaitwa Kabagwira. Anashona mashati katika kiwanda kimoja cha Masoro, kwa zamu. Baba yake, Silvère, ni fundi wa vitanda hapo Agakiriro, ila siku hiyo alikuwa ameenda Rwamagana kupeleka kazi ya mteja. Kabagwira alifika kwa pikipiki, bado amevaa aproni ya kiwanda, vipande vya nyuzi vimemganda mikononi.

"Mwarimu, mutoto wangu iko na shida gani?" akaniuliza mimi. Hakumwuliza Madamu Illuminée wala Ntare.

"Twende kwa daktari kwanza, Mama Mugeni."

Ntare alikuwa anamfahamu bingwa mmoja wa masikio mwenye kliniki upande wa Kanombe. Akatupakia katika gari lake. Njia nzima Kabagwira alimpakata binti yake akawa anamnong'oneza kitu sikioni, na Mugeni alikuwa anaangalia nje dirishani.

Daktari Habiyaremye ni mwanamke mfupi, miwani juu ya kichwa, haraka kwa mikono na haraka kwa maneno. Alimulika masikio, akamvalisha Mugeni visikizio, akabonyeza vitufe, akaandika. Kulia hakuna kitu. Kushoto kidogo sana.

"Depuis quand? Ilianza lini?" akauliza.

Kabagwira akanitazama. Ntare akanitazama. Kisha Ntare akaliweka daftari langu mezani, akalifungua, akalisukuma mbele kwa vidole viwili kama mtu anayempa mgeni sahani.

"Hili hapa, Daktari. Wiki kumi na mbili, bila pengo."

Daktari akashusha miwani akasoma kwa sauti.

"Wiki ya tano, amehesabu hadi kumi kwa sauti. Wiki ya sita, amefuata maagizo matatu mfululizo kwa kuambiwa tu. Vizuri. Na hii alama ni ya nini?"

"Uji," akasema Ntare, tena kwa fahari. "Hilo ni daftari la kazini."

Ulikuwa uji kweli. Niliudondosha hapo mwenyewe kwa kijiko, makusudi.

"Wiki ya saba, ameimba wimbo, peke yake, mwanzo hadi mwisho..."

"Daktari," nikaingilia, "wimbo wenyewe labda hakuuimba vizuri sana."

"Umeandika 'bila kukosea'."

"Pengine nilimsikia mtoto mwingine."

"Umeandika 'peke yake'."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu nilikuwa nimeipima mwenyewe kwa rula.

Daktari alifunua mpaka mwisho, akafunga daftari, na uso wake ukalegea.

"Bon. Naona maji nyuma ya ngoma ya sikio, naona na mafua. Kama mutoto alikuwa anasikia na anaimba mpaka wiki ya nane, basi hii ni kitu mpya. Watoto wengi wanapata, inakauka yenyewe. Nawapa dawa ya matone ya pua, murudi nyuma ya wiki sita."

Kabagwira alipiga makofi mara moja, akajifunika uso kwa aproni.

"Na kama lingekuwa jambo la zamani?" akauliza Ntare. Mwalimu ni mwalimu, hawezi kuondoka bila swali.

"Ah, hiyo ingekuwa ingine. Kama mutoto amepata homa kali, halafu masikio yakaanza kufa polepole, hatungoji hata siku. Ningemulaza leo. Kila wiki tunapoteza kitu hakirudi. Lakini hapa hakuna homa, na iko wimbo."

Nitawaambia nilichohisi, mnihukumu mtakavyo. Nilifurahi. Mtoto ana maji tu, mama anacheka, mkufunzi ana daftari lake, na mimi nina Januari yangu. Nikajiambia Mungu amenisamehe bila hata kuniita.

Ntare akabaki ndani anaagana na daktari. Mimi na Kabagwira tukatoka kwenda dirisha la dawa, Mugeni katikati yetu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitavaa nini Jumamosi.

Kabagwira alipopewa kichupa cha dawa, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Imana ikuhe umugisha, mwarimu. Mungu akubariki. Wewe umeniokoa mara mbili."

"Mara mbili vipi?"

Akatoa simu kwenye aproni. Akatafuta picha, akanionyesha. Ilikuwa ukurasa wa wiki ya saba. Mwandiko wangu, kalamu nyeusi.

"Hii nilipiga siku ile ya kusaini. Hii ndiyo ilinipa amani nyumbani. Silvère alikuwa ananisumbua, mwarimu! Tangu ile homa ya mwezi wa tisa anasema mutoto hasikie. Eti namuita, hageuke. Eti tumupeleke hospitali. Kila siku hospitali, hospitali. Mimi nikamuonyesha hii picha. Nikamuambia, wewe fundi ya vitanda, unajua kushinda mwarimu wa chuo kikuu? Soma! Mutoto anaimba!" Akacheka. "Akanyamaza. Mpaka leo hajarudia."

Nikaacha kutazama picha, nikamtazama yeye.

"Homa gani, Mama Mugeni?"

"Ile kali. Siku tatu, mutoto hajui hata mimi ni nani. Akakaa nyumbani wiki yote."

"Wiki gani?"

Akahesabu kwa vidole, akarudia, akanitajia tarehe. Nikaihesabu na mimi. Ilikuwa wiki ya tano. Wiki niliyoandika kwamba Mtoto M. amekuja kituoni mchangamfu na kuhesabu hadi kumi kwa sauti, Mugeni alikuwa kitandani hamtambui mama yake.

"Lakini ulisaini wiki ya tano kwamba alikuwepo," nikasema. Angalieni jinsi mtu alivyo. Hata wakati ule nilikuwa natafuta wa kugawana naye kosa.

"Hizo nne nilisaini zote siku moja, mwarimu. Ulisema saini hapa, na hapa, na hapa. Nilikuwa nakimbilia zamu. Nilisoma hii ya wimbo tu."

"Na daktari? Kwa nini hukumwambia habari ya homa?"

Akanishangaa.

"Nimuambie nini? Daftari imesema mutoto alipona, alihesabu, aliimba. Mimi nishone mashati huko Masoro, nije kubishana na daftari ya chuo?"

Mugeni alikuwa amechuchumaa na kile kichupa cha dawa alichoachiwa na mama yake, anajaribu kufungua kifuniko. Alikitaka kwa ajili ya uzi wake.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na msemo wa kututisha tulipoficha vidonda: mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nadhani unamhusu mtu anayeficha maradhi yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeficha ya mtoto wa mwenzangu, na mama mwenye mtoto ndiye ananishukuru.

Nawaambia ukweli, nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyofaa. Miaka mitatu nilikuwa nasoma huku nakoroga mboga. Nilifanya mtihani wa saikolojia ya mtoto nimekaa chooni kwa sababu ndipo pekee pasipo kelele. Na sasa nilikuwa naombwa kuvitupa vyote kwenye korido ya kliniki, na hakuna hata aliyeniomba.

Nikamshika Kabagwira mkono, naye akamchukua mtoto na kichupa chake, tukarudi ndani bila kubisha hodi.

"Daktari, daftari hilo ni uongo."

Habiyaremye akainua kichwa. Ntare, aliyekuwa anacheka jambo fulani, akabaki na mdomo wazi.

"Wiki ya tano, ya sita, ya saba na ya nane sikumwona mtoto. Nilikuwa chumba cha wachanga. Nilizitunga."

"Zote?" akauliza daktari.

"Zote. Hesabu, maagizo, wimbo. Na uji. Na wiki ya tano mtoto hakuwepo kabisa, alikuwa na homa kali nyumbani siku tatu. Baba yake anasema tangu siku hiyo hasikii."

Ntare akalichukua daftari, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akawa anafunua kurasa.

"Kalamu ngapi?" akauliza bila kugeuka.

"Tatu."

"Ungeniambia umehamishwa, Générose! Neno moja tu!"

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Mkosaji mimi, ndiyo, lakini hata mkosaji ana nyongo.

"Nilikuambia! Nilikuandikia ujumbe mara mbili, nikakupigia mara tatu! Ulinijibu nini? 'Taratibu ni taratibu, anza upya mwezi wa tatu.' Mwezi wa tatu mimi sina kazi, Bwana Ntare! Mnatuita wanafunzi wenye kazi, mnatuambia masomo yanafuata maisha yetu, halafu mtu akihamishwa chumba, chumba tu, mnamfukuza kwa heshima! Unadhani katika madaftari thelathini na nane ni langu tu lenye kalamu tatu?"

Akalirudisha daftari mezani. Alikuwa anaukumbuka ule ujumbe, niliona kwenye uso wake.

"Basi," akasema mwishoni, sauti imeshuka. "Umesema mwenyewe, hukukamatwa. Nitaiomba kamati urudie hizo wiki nne tu, mwezi huu huu. Naweza kuwashawishi. Lakini kwa sharti moja, wiki nyingine zote nane ziwe za kweli."

Mnasikia? Mlango ulikuwa umefunguka tena. Mtu aliyekuwa amezama alikuwa anarushiwa kamba.

Kabagwira akanisogelea. Alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja na kichupa cha dawa kwa mwingine.

"Wimbo haukuwepo?" akaniuliza.

"Haukuwepo, Mama Mugeni."

"Mimi nilimuimbia Silvère. Ile siku ya picha. Nilimuimbia, nikamuambia, hivi ndivyo anaimba."

Nilingoja anitukane, ningeshukuru kama angenitukana.

Daktari Habiyaremye hakuwa na wakati wa machozi yetu. Alikuwa amechukua karatasi nyeupe, amechora mstari, ameandika "homa" upande mmoja na tarehe ya siku ile upande mwingine.

"Tunaanza upya. Homa wiki ya tano. Leo kulia hakuna kitu, kushoto kidogo. Katikati niko na shimo." Akanielekezea kalamu. "Nataka kujua ni lini mutu mukubwa alimuona kwa macho yake kwamba hasikie. Baba hayupo, simu yake haishike. Wewe wiki ya tisa ulirudi?"

"Nilirudi."

"Umeandika 'ana haya, hakuitika'. Haya ni haya, ama ni masikio? Fikiri vizuri mbele ya kujibu. Kama wiki ya tisa alikuwa bado anageuka kwa kishindo, hii kitu inaenda polepole, nitampima tena wiki ijayo. Kama tangu wiki ya tisa hata kishindo hasikie, basi inakimbia, na mimi napiga simu apokelewe hospitali sasa hivi."

"Wiki ya tisa ni ya kweli, Daktari," akasema Ntare. Alikuwa ananitetea, maskini. "Kama aliandika haya, ilikuwa haya. Anajua tofauti. Sura ya masikio katika kitabu cha chuo ndiyo aliyofanya vizuri kuliko wote."

Sasa sikilizeni, maana jambo hili sijaliandika katika sehemu tano zilizopita, na si kwa kusahau.

Wiki ya tisa ilikuwa Jumanne, saa nne, wakati wa uji. Umeme ulikuwa umekatika Agakiriro na mlima mzima ulikuwa kimya, kitu ambacho hutokea mara chache sana. Nilikuwa nimebeba mfuniko wa sufuria kubwa, ule wa aluminiamu. Ukaniponyoka. Ulianguka kwenye simenti hatua moja nyuma ya Mugeni, ukazunguka, ukalia mpaka ukachoka. Watoto wote waliruka. Mmoja alimwaga uji wake.

Mugeni aliendelea kula.

Niliuokota mfuniko, nikasimama namtazama kisogo. Nikamwita. Nikamwita tena karibu na sikio. Nilijua. Ndiyo, nilijua, sura ya masikio nilikuwa nimeifanya vizuri kuliko wote. Lakini wiki ya saba alikuwa ameshaimba, na mama alikuwa ameshasaini na kupiga picha. Ningeandika nilichokiona, wangeniuliza wimbo ulitoka wapi.

Nikachukua kalamu ya bluu, nikaandika: ana haya. Kisha wiki tatu mfululizo nikamwandikia hivyo hivyo, na kila wiki nilikuwa nimekaa mbele yake.

Kwenye chumba kile cha Kanombe kila mtu alikuwa ananingoja. Ntare alikuwa ameweka mkono juu ya daftari, kama anayelilinda. Daktari alikuwa na simu mkononi. Mugeni alikuwa amefanikiwa kukitoa kifuniko cha dawa kwenye mkono wa mama yake na alikuwa ananionyesha mimi, mwalimu wake, anacheka.

Kabagwira hakumwangalia mtoto. Aliweka simu yake mezani, ile picha juu, akaisukuma mbele yangu.

"Sema, mwarimu," akasema. "Wiki ya tisa. Hiyo ulikuwepo."